Nozeli za Baba na Kona ya Bibi

Wiki iliyopita nilipeleka gari la mwanangu gereji, Kihonda. Kijana huyo anapenda mbio kama babu yake. Fundi akachomoa nozeli, vile vimirija vya kupulizia petroli kwenye injini, akaniuliza: tupanue matundu ili zimwage petroli zaidi, au tununue mpya? Swali dogo tu, rafiki yangu, lakini nilijifanya natafuta simu mkobani.

Baba alikuwa na gari la mashindano, kuukuu, alilouziwa na mlowezi wa shamba la mkonge aliyefunga virago enzi za Ujamaa. Halikuwa na kabureta, petroli ilipulizwa na nozeli. Jumapili alizifungulia barazani, akazijaribu moja moja ndani ya chupa ya jamu. Nzima ilitoa ukungu laini kama ule wa Uluguru asubuhi. Mbovu ilidondosha matone, na mafundi husema inakojoa. Nyumba yote ilinuka petroli, hata mchicha wa mama.

Mwaka ule mashindano yalipangwa kupita barabara ya Mgeta, kijijini kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akishindana, na alishatangazia kanisa zima. Nozeli nazo zilikuwa zimechoka. Jirani yetu, mtu wa reli, alikuwa na nduguye Nairobi, akasema mpya zingewahi kabisa kufika kwa treni.

Lakini baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kila mkutano alihubiri kujitegemea mpaka tukayakariri maneno yake. Sasa aonekane anapokea vipuri kutoka nje? Aliamua kuzipanua mwenyewe.

"Balozi, nozeli si sufuria," jirani alimwambia. "Ukishaipanua, hairudi."

"Tutajitegemea," baba akajibu.

Alipozijaribu baada ya kuzipanua, mama alichungulia ile chupa akasema wazi kwamba zinakojoa. Baba akamwambia arudi jikoni kwake. Jamani, baba! Nilimpenda sana, na hadi leo jibu lile linaniudhi.

Siku yenyewe tulisimama na bibi kwenye kona ya juu ya kijiji. Alivaa kitenge cha Krismasi, mkononi kikapu cha njegere za kumpa mwanawe. Kila gari lililopita aliuliza kama ndiye, nasi tukasema bado. Kisha tukasikia mngurumo anaoujua kila mtu wa nyumbani kwetu ukipanda kutoka bondeni, ukakohoa, ukanyamaza. Moshi mweusi ukainuka juu ya migomba. Watu walitawanyika, bibi akabaki palepale.

Baba alikuja kwa miguu, mikono myeusi kwa oili. Akamwamkia mama yake bila kumtazama usoni.

"Marahaba," bibi akasema, akampa kikapu. "Basi utapita mwakani."

Huo mwakani ulipofika, mpaka wa Kenya ulifungwa, na nozeli mpya hazikupatikana tena. Gari likawa banda la kuku. Mwaka uliofuata tulimzika bibi. Baba hakutamka tena neno kujitegemea mbele yetu, na mimi nasikitika kwamba hatukumwambia kuwa tulijivunia kuendesha kwake.

Nilimwambia fundi aweke mpya. Gari lilipokamilika sikurudi nyumbani, nilishika njia ya Mgeta. Kijiji kimejaa mabati, wanaonijua hawapo. Kwenye ile kona nilipunguza mwendo, nikapiga honi ndefu, nikapita.