Mtoto Aliyefichwa Uvunguni

Mtaa mzima ulimwita Sindano, na jina lilimkaa. Alikuwa muuguzi wa chanjo mwenye mdomo mwepesi, mtoto akipiga yowe, humwambia mama, "Mwache alie, anapanua mapafu."

Surua ilipovamia, utani ukaisha. Timu ya chanjo ilipopita mara ya kwanza, dada yake alimficha mwanawe uvunguni mwa kitanda. Ya pili, Sindano alimbembeleza mpaka akamtoa, akamchoma mwenyewe. Siku chache baadaye mtoto akajaa vipele, akafa.

"Mdogo wangu kaniulia mwanangu!" dada alisema msibani, mbele ya watu.

Kabla mtoto hajafa, Sindano alikuwa amemfuta koo kwa kijiti cha pamba, akakitia kwenye kichupa. Maabara ingesoma vinasaba vya kirusi na kusema kama ni kile kilichodhoofishwa cha chanjo au ni cha surua iliyokuwa ikizunguka mtaani. Alilala na swali moja, akaamka nalo: je, mkono wangu umeua?

Siku ya kupeleka vichupa vya wagonjwa maabara katika sanduku la barafu, shemeji yake alimvizia langoni mwa zahanati na wenzake.

"Lete hilo sanduku la kifo!"

Akalikumbatia. Rungu likamvunja mkono. Akaanguka juu ya sanduku, wakamkanyaga mbavu, wakampiga mateke ya uso mpaka akatema meno. Hasira hasara, wanasema. Siku ile hasara yote ilikuwa yake. Vichupa vya juu walivisaga kwa mawe. Cha mtoto wa dada yake alikuwa amekizika chini kabisa, kwenye barafu, na dereva wa zahanati alipomwokoa, kilikuwa bado kizima.

Jibu lilipokuja, alikwenda kwa dada yake na mkono kwenye plasta.

"Umekuja kummaliza nani?" Dada akanyakua mchi, akampiga begani, akauinua tena.

"Dada, si sindano! Ni surua ya mtaani. Ilikuwa imeshamwingia kabla sijamchoma."

Mchi ukabaki juu.

"Kwa hiyo ningemtoa ile mara ya kwanza..."

Dada akatupa mchi, akauendea ukuta, akaanza kuugonga kwa kichwa, damu ikimtiririka machoni. Sindano akamkumbatia kwa mkono mzima, na ule wa plasta akauingiza kati ya paji la uso na ukuta. Dada akaendelea kugonga.