Daftari la Tatu la Zuwaira

Ilipofika Jumatatu mchana, hapakuwa na nyumba katika kichochoro chetu ambayo haijasikia kwamba Zuwaira amemwandika Tabawa.

Habari ilitoka kwa Tabawa mwenyewe. Kila asubuhi yeye hukaanga kosai, bajia zetu za kunde, kwenye ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake, na watoto wa mtaa huja na mabakuli kununulia mama zao. Siku hiyo kila bakuli liliondoka na bajia na maneno juu yake.

"Mwambie mama yako, mke wa Sagiru ameniandika. Mimi na mume wangu! Ndoa yangu nzima ameianika kama nguo za mtoto."

Hakuna aliyeuliza ameandika nini. Kila mtu aliamini anajua. Tabawa na Malam Habu waandikwe nini kama si matusi? Jua likianza tu kugusa mapaa, sauti ya Tabawa ilikuwa inavuka nyumba nne: "Wewe uliyelala huko! Wenzako wako sokoni, wewe umekumbatia mto!" Malam Habu, muuza kola, zile kokwa chungu za kutafuna, mtu wa maneno machache, alikuwa akitoka anafuta macho, anajitwika sinia lake, huyo anaenda. Kwenye sherehe za kuwapa watoto majina, wanawake walikuwa wakimtazama Tabawa na kutikisa kichwa. Maskini, miaka yote hiyo na mume kama yule.

Kwa Zuwaira habari iliingia na mumewe. Sagiru alikuwa fundi wa kudarizi kofia, na kofia haziwezi kudariziwa bila wanaume kukaa pamoja na kuzungumza. Alirudi mapema, akaketi, akavua viatu kimoja kimoja.

"Zuwaira, mimi nimewahi kukukataza kuandika?"

"Hujawahi."

"Na leo sikukatazi. Lakini siku ile ya kwanza nilisema nini?"

Zuwaira aliinamisha macho. "Ulisema siku daftari litakapoleta ugomvi na jirani, kalamu itapumzika."

"Basi," alisema Sagiru, akachukua kofia yake na sindano. Hakupandisha sauti. Zuwaira aliona ingekuwa afadhali angepandisha.

Huyu Zuwaira alikuwa ameishia darasa la sita. Aliolewa mapema, akazaa mvulana, kisha Nana ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Aliandika mtoto akiwa mapajani, na ukiyafungua madaftari yake utaona mistari inayoruka juu ghafla pale mtoto alipopiga teke. Kwa miaka miwili, kila Alhamisi alasiri, kwa ruhusa ya Sagiru, alikuwa akivaa hijabu yake na kwenda kwa Anti Mairo, mwanamke aliyekwisha kutoa vitabu kumi na vinne vya mapenzi, vile vyenye maua na macho ya mwanamke kwenye jalada. Wanafunzi walikuwa sita, wote wake za watu, wote na madaftari ya shule chini ya hijabu.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na kijana wa Abuja mwenye magari matatu. Kijana yule alikuwa hafungui mlango bila kutangaza mapenzi. Zuwaira alikipenda mno. Desturi ya pale ilikuwa kwamba daftari halisomwi na mwalimu kabla halijazunguka. Lilifichwa chini ya kawa, msichana akalibeba kama amebeba chakula, likaingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, huko ambako wanawake hawatoki mchana, na baada ya wiki mbili likarudi. Zuwaira akalipeleka kwa Anti Mairo kifua mbele.

Anti Mairo hakulisoma. Alilifungua upande wa dirishani, akapekua kurasa polepole kama mtu anayechambua mchele.

"Hapa kijana anasema nini?"

"Anamwambia msichana anampenda, Anti. Kurasa tatu."

"Kurasa tatu safi kama zilivyotoka dukani. Hata kidole hakijagusa. Wameziruka, mwanangu." Akapekua tena, akasimama karibu na mwisho. Ukurasa ule ulikuwa na alama ya gumba lenye hina, tone la mchuzi na duara la kikombe. "Na hapa je?"

Zuwaira aliinama kutazama. Palikuwa mahali ambapo bibi wa yule kijana anamfichia msichana kipande cha nyama chini ya wali. Alikuwa amepaandika haraka haraka ili ukurasa ujae.

"Hapa mtu alikuwa na mchuzi mkononi na akashindwa kuliweka daftari chini. Nenda kaniandikie kitabu cha hapa," alisema Anti Mairo.

Njiani kurudi nyumbani Zuwaira alilia ndani ya hijabu yake. Alipofika akamnyonyesha mtoto, akapika, akafua. Toka siku hiyo akaanza kutazama watu, na daftari la pili likajaa vipande vya aliyoyaona.

Kati ya nyumba yake na ya Tabawa palikuwa na ukuta ulioanguka kwa mvua, wakapaziba kwa mkeka wa nyasi. Msimu wa upepo wa vumbi Nana alishikwa na homa, na alfajiri Zuwaira alikuwa akitembea naye uani, huku na huko, mtoto akiwa begani. Ndipo akamwona Malam Habu kwenye upenyo wa mkeka. Swala ilikuwa imekwisha, wanaume wenzake wangali msikitini kwa uradi. Yeye amechuchumaa mbele ya jiko la mkewe. Amejifunga kitambaa puani, anapuliza, anapepea kwa kifuniko cha sufuria, macho yanamtoka machozi. Alikaa na moshi ule mpaka kuni zikashika na kuacha kufuka. Kisha akachungulia kichochoroni, akaingia ndani, akalala.

Mtaa mzima ulijua Tabawa ana kifua kibovu. Moshi wa kuni mbichi ungemmaliza. Lakini hakuna aliyewahi kujiuliza moto wake huwashwa na nani. Mwanamume wa kwetu akionekana anapuliza jiko la mkewe, wenzake watamcheka mpaka watoto wake waoe.

Asubuhi ya pili Zuwaira alichungulia tena. Na ya tatu, na nyingine baada ya hizo. Nana alikuwa amepona siku nyingi.

Daftari la tatu likatoka hapo. Hakumtaja Tabawa. Alimwita mwanamke Saude, akamfanya msichana aliyeolewa juzi, na bajia akazigeuza vitumbua vya mchele. Mume alibaki muuza kola, kwa sababu hakujua wauza vitu wengine huzungumzaje. Daftari lilizunguka nyumba kumi na moja za mitaa mingine, na liliporudi lilikuwa limechakaa kama kitambaa cha kushikia sufuria. Anti Mairo alipolifungua aliangua kicheko, akapiga paja lake.

"Alhamisi ijayo chama chetu cha waandishi kinachagua kitabu kimoja cha mwandishi mpya kwenda kupigwa chapa," alisema. "Nitakisemea hiki. Kipeleke nyumba zilizobaki, kisha uniletee."

Nyumba zilizobaki zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya Tabawa. Zuwaira angeweza kuiruka. Hakuiruka, na nadhani hata mwenyewe hakujua kwa nini. Tabawa hakusoma shule, lakini binti yake Laure alikuwa anasoma vizuri. Daftari liliingia Ijumaa. Jumatatu uvumi ukatoka, na daftari halikurudi.

Jumanne msichana alimletea Zuwaira kikaratasi kutoka kwa Anti Mairo: "Nimesikia mpaka huku. Kama jirani hana radhi, kitabu hakitoki. Wanaotaka kuvichoma vitabu vyetu wanatosha, tusiwape na mwanamke anayelalamika."

Jumatano asubuhi Zuwaira alichukua daftari jipya akajaribu kuuandika upya ukurasa ule bila moto. Mume akamnunulia mkewe kitenge. Akausoma ukurasa. Akafuta kitenge, akaandika manukato. Akasoma tena, kisha akaichana karatasi, Nana akaidaka akaitia mdomoni. Ukurasa wa moto ulikuwa mzuri. Zuwaira alijua hivyo bila kuambiwa na mtu, bila kutafuta alama ya kidole cha yeyote, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kumtokea maishani. Alimwokoa mtoto na karatasi, akamweka kiunoni, akainua mkeka, akapita.

"Salamu alekum, Mama Laure."

"Ala! Mwandishi huyo." Tabawa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua kunde ndani ya beseni kutoa maganda. "Karibu. Kalamu umekuja nayo au umeiacha ianze kazi huko?"

Laure alikuwa pembeni, masikio yamesimama.

"Laure, kachote maji."

"Mtungi umejaa, mama."

"Kaujaze tena!"

Laure alipotoka, Zuwaira alipiga magoti, akamweka Nana chini, akatia mikono kwenye beseni akaanza kusugua naye. Ni rahisi zaidi kusema mikono ikiwa na kazi.

"Mama Laure, nimekuja kuomba radhi."

"Uliona lini?"

"Nana alipokuwa na homa. Kwenye mkeka hapo."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wote wanafikiri nimeandika matusi yako."

Tabawa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajipiga kifua mpaka kikatulia. Macho yake hayakuwa ya mtu mwenye hasira. Zuwaira aliyatazama vizuri.

"Mwanangu, Laure amenisomea daftari lako mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kulitia jikoni. Mara ya pili nikamwambia rudia pale pa moto. Ikawa pale tu, pale tu. Halafu mwanamke wako anatoka ndani. Anasema nini yule?"

Zuwaira alikuwa na maneno yale moyoni, mistari kumi na mmoja, na ndiyo aliyojivunia kuliko yote. Alisema kwa sauti ndogo: "Ewe mume wangu, taa ya maisha yangu, nakushukuru kwa moto huu uliowasha pia ndani ya..."

"Taa!" Tabawa alirusha maganda ya kunde hewani. "Miaka kumi na tisa! Hata siku moja sijamwambia asante. Ningemwambia, kesho yake angeacha. Mtu amejificha asionekane, wewe unammulika usoni na hotuba? Yule si mke, yule ni ombaomba mlangoni."

"Kwani wewe... huwa unasema nini?"

"Kelele zile za asubuhi unadhani ni za nini?"

Mikono ya Zuwaira ilisimama ndani ya maji.

"Nikipiga kelele kwamba amelala, nani atasema ndiye aliyewasha?" alisema Tabawa. "Siku nikiamka sina sauti, jioni ananiuliza kama naumwa."

Zuwaira alikuwa amezisikia kelele zile maisha yake yote ya ndoa. Alikuwa ameziacha nje ya kitabu makusudi, kwa kuona haya. Alidhani katika kitabu cha mapenzi mke hapigi kelele.

"Miaka kumi na tisa wananihurumia," Tabawa aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nikienda kwenye sherehe wananichagulia kipande kikubwa, maskini Tabawa. Nimechoka na nyama yao. Kulisema kwa mdomo wangu siwezi, na yeye akisikia atahama mji. Lakini kitabu kinaweza. Wanaume wanasoma vitabu vyenu?"

"Wakiona maua kwenye jalada wanageuza uso."

"Vizuri. Ila asiuze kola. Auze kamba."

"Kamba, Mama Laure."

"Kipara chake hukukiandika, nimeona. Hapo sina lalamiko."

Zuwaira alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. "Sasa kama hukukasirika, mbona umetangaza mtaa mzima?"

Tabawa alinyoosha mgongo wake. "Ulitaka ninyamaze? Kuna mke gani mwingine kichochoro hiki aliyewahi kuandikwa?"

Alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari limefungwa kwenye kitambaa chake cha Idi. "Laure atampelekea mumeo bajia jioni, amwambie hapa hapana ugomvi. Na huyo Anti wako mwambie Tabawa ameridhia. Lakini ile taa, izime nikiona."

Zuwaira alitoa kalamu chini ya hijabu. Akafungua ukurasa, akapiga mstari juu ya mistari yote kumi na mmoja, mmoja mmoja, taratibu. Tabawa hakujua kusoma lakini alihesabu kila mstari ulipokatwa. Nana alitambaa akaja kupanda paja la mama yake.

Alhamisi ilikuwa kesho. Zuwaira alimhamishia mtoto paja la pili, akafungua karatasi tupu, akaiegemeza kwenye goti.

"Mama Laure, nakuomba," alisema. "Mtukane. Kama unavyomtukana asubuhi, usiache hata neno. Ila polepole, niwahi kuandika."