Unga wa Kwato

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi wa mashine ya kusaga kijijini kwetu, juu ya milima ya Upare, upande wa Ugweno. Ufundi nilijifunza kwenye karakana ya shamba la mkonge kule tambarare, nikarudi nyumbani na majivuno ya kutosha watu watatu. Mke wangu aliyavumilia. Baba yake, mhunzi kama wazee wake wote, aliyatazama tu, akaendelea kufua majembe yake.

Mwaka wa pili nyundo za mashine zikalika. Nyundo ni vile vipande bapa vya chuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi. Mpya hazikupatikana Same wala Moshi. Kina mama wakaanza tena kushuka Lembeni na mahindi kichwani na kupanda na unga, safari ya kutwa nzima, mke wangu akiwa miongoni mwao na mimba ya miezi sita. Kisha ikaja habari kutoka kwa viongozi: mashine ikiwa bado imelala baada ya wiki mbili, itahamishiwa kijiji kingine.

Nikakata springi ya lori, nikachonga nyundo nane, nikazichoma mpaka zikaiva nyekundu na kuzitumbukiza zote kwenye maji baridi. Nikawasha mashine mbele ya watu, kifua mbele. Hata debe moja halikuisha. Nyundo moja ilipasuka vipande vitatu, kimoja kikatoboa chekeche na kupita karibu na sikio langu. Nilitupa spana chini nikamgombeza kila aliyekuwepo, hata wale walionionea huruma.

Mke wangu alisubiri nimalize. "Nenda kwa baba," alisema. "Au unataka nijifungulie njia ya Lembeni?"

Nilikwenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Alipokea kipande kilichovunjika, akakigeuzageuza. "Umekifanya kigumu mpaka moyoni. Kikigongwa kitafanya nini zaidi ya kuvunjika? Tafuta chuma laini. Ugumu tutauvisha juu tu, kwenye ngozi yake."

Akaagiza kwato, pembe na mifupa mikavu; mkaa wake, alisema, ndio unaokipa chuma ngozi ngumu. Mwenyekiti wa kijiji aliona njia rahisi ni kupiga baragumu la msaragambo, mwito wa kazi ya pamoja, na watu wakaja na majembe wakidhani ni kazi ya kusafisha mfereji. Walipoambiwa warudi kuleta kwato, bibi mmoja aliuliza kama kijiji sasa kimeajiri mganga. Nilikuwa na jibu lake ulimini, lakini mkwe wangu alinitazama, nikalimeza. Wakaleta. Mmoja alileta mguu mzima wa mbuzi wa Krismasi, umekauka na manyoya yake.

Tulivichoma vikawa mkaa, tukavitwanga kwenye kinu na kuchanganya na chumvi. Nyundo mpya za chuma laini tukazilaza ndani ya chungu, zimezungukwa na unga ule mweusi, tukaziba mdomo kwa udongo. Tangu asubuhi mpaka jioni tulivukuta moto kwa zamu. Kila nilipotaka kufungua nichungulie, mzee alisema, "Bado." Hatimaye alikivunja chungu, tukazitosa nyundo majini zikiwa bado nyekundu. Nikapitisha tupa juu ya moja. Ikateleza bila kukwaruza. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, jambo ambalo mkwe hafanyiwi, naye akavumilia.

Siku ya viongozi kufika, walikuja na lori la kubebea mashine. Tulisaga debe la kwanza, la pili, mpaka la kumi. Mkubwa wao akataka kifuniko kifunguliwe. Akazipapasa nyundo moja moja, zote nzima, akamwambia dereva ateremke mlima na lori lake tupu. Nje kina mama walipiga vigelegele.

"Fundi aliyezitengeneza hizi ni nani?" aliuliza.

Mzee aliwahi kujibu. "Ni huyu kijana wangu. Mimi nilimsaidia kuvukuta."

Alisema hivyo bila kejeli, mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kinajua ukweli.

"Hapana, ndugu," nilimwambia kiongozi. "Fundi ni baba. Aliyevukuta ni mimi." Nikapaza sauti, ili hata walioko nje kwenye foleni wasikie.