Nilisema Ampe Maziwa ya Kibuyu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, na nimeishi hapa Eldoret tangu niolewe. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hivyo wa kucheka makosa mcheke mmalize, halafu msome. Binti yangu nitamwita Chebet, si jina lake. La mvulana wangu siwezi kuandika, hata la uongo.

Miaka ya themanini tulikuwa tumepanga chumba kimoja Huruma. Bwanangu alikuwa dereva wa trekta kwa shamba la mtu huko Chepsaita, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi niliuza chang'aa, ile pombe haramu ya kupikwa nyumbani. Sioni haya kusema hiyo, ndiyo ilitulisha. Haya yangu iko mahali pengine.

Askari wa chifu wakishuka mtaani kusaka pombe, kila mama alikuwa na maficho yake. Wengine walizika chini, wengine walimwaga chooni huku wakilia. Mimi nilijiona mjanja. Sisi Wakalenjin tunaweka mursik, yale maziwa lala yaliyoganda, ndani ya kibuyu kilichosuguliwa na mkaa, na askari aliyelelewa huku hawezi kufungua kibuyu cha mama wa watu. Ni kukosa adabu. Kwa hivyo nikisikia wanakuja, namwaga chang'aa kwa kibuyu, nakitundika nyuma ya mlango, nakaa nashona sweta.

Asubuhi hiyo nilifanya vile vile. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo chini, sikujali. Kijana wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, amelala kitandani. Chebet, miaka saba, alikuwa ameenda kuteka maji, kwa hivyo hakuniona nikimwaga. Askari walikuwa wawili. Wakaniitisha kadi ya chama, nikawapa. Wakapekua mpaka chini ya godoro. Wakakuta mtungi mtupu unanuka, wakasema twende kambini kwa chifu.

Chebet akaingia na maji yake. Akaniangalia, akaangalia askari, akaniuliza, "Mama, mtoto akiamka nimpe maziwa ya kibuyu?"

Askari mmoja akageuka akaangalia kile kibuyu.

Nikasema, "Mpe."

Mmenisikia. Chebet hakukosea kibuyu. Mimi mama yake ndiye nilisema mpe, nikijua iko nini ndani, kwa sababu ningesema usimpe, yule askari angeuliza kwa nini. Nilifikiria jela. Nikajiambia mtoto amelala, nitarudi kabla aamke, siku zote walituachilia mapema. Siku hiyo chifu alikuwa ameenda kupokea mkubwa fulani wa chama, tukakalishwa kwa nyasi mpaka saa tisa. Mimi na midomo yangu yote hii, na kulikuwa na wamama wanapita pale barabarani ningeweza kuwatuma. Kila saa nilisema sasa hivi tunaenda.

Nilipofika nilikuta Mama Halima, jirani yetu mwenye duka, amempakata mtoto mlangoni kwangu. Alikuwa ameshakuwa baridi. Mama Halima akainama akanusa mdomo wake, halafu akaniangalia. Hakusema kitu, siku hiyo wala siku nyingine, na baadaye akahama akarudi kwao kaskazini. Macho yake sijawahi kuyasahau. Chebet alikuwa amesimama kando na kikombe mkononi. Akaniambia, "Alikataa, mama. Nikamwekea sukari, akakunywa."

Kabla bwanangu aitwe, nilimwaga kilichobaki, nikakisugua kibuyu na mkaa. Nikamwambia maziwa yaliharibika. Kule mazishini mama mkwe akasema mbele ya watu kwamba msichana hakuosha kibuyu vizuri. Chebet alisikia. Akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa.

Siku hizi nikiona mtu ameweka pombe kwa chupa ya soda kwa nyumba yenye watoto, namgombeza mpaka wananiita mama wa ulokole. Wacha waniite. Kuna siku nasikia harufu ya chang'aa kwa chai yangu mwenyewe, na hakuna chang'aa kwangu tangu siku ile. Naosha kikombe, inarudi.

Chebet ako na miaka arobaini na nane. Maziwa hayanywi. Watoto wake walilishwa na shemeji yake. Mwezi uliopita msichana wake alijifungua huko Kimumu, tukaenda kumwona. Akamwambia mama yake, "Mum, utakaa na mtoto nikirudi kazi?" Chebet akakataa hata kumbeba. Msichana akaanza kulia, akauliza mtoto wake amekosa nini. Ndipo Chebet akasema kitu hajawahi kusema mbele yangu: "Mimi si mtu wa kuachiwa mtoto. Nilimuua ndugu yangu kwa uchafu wangu nikiwa na miaka saba. Muulize nyanyako."

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Ilikuwa mapenzi ya Mungu."

Chebet akaja akakaa karibu na mimi, akanishika mkono, akamwambia msichana wake, "Mama angenichukia, na ilikuwa haki yake. Lakini hajawahi kunilaumu hata siku moja."

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Nikimwambia, nitakuwa nimempoteza mtoto wa pili, na mimi ni mzee, ako peke yake ananiletea dawa ya presha. Nikinyamaza, ataingia kaburini akijua aliua. Ndugu zangu, nishaurini, na msiniambie nitubu kwa Mungu. Kwa Mungu nimeenda miaka arobaini. Kwa Chebet ndiyo sijafika, na anakuja Jumapili. Nikishafungua mlango, nianze na neno gani?