Fyuzi ya Pampu ya Mafuta

Ufundi wa magari nilifundishwa na mume wa dada yangu. Karakana yetu ilikuwa kando ya barabara kuu hapa Same, mabati juu, mchanga chini, na upepo wa huku haukuacha kifaa bila vumbi. Mimi nilimwita shemeji. Wateja walimwita fundi, wakimfuata kutoka Makanya na vijiji vya juu milimani, kwa sababu hapakuwa na kabureta iliyomshinda.

Kabureta ilikuwa kitu cha kuonekana. Gari likikohoa, unaifungua, unaipindua, petroli inamwagika taratibu, na uchafu unauona kwa macho yako. Unazibua vijitundu kwa kupuliza kwa mdomo, unafunga, unawasha, halafu unakaza au kulegeza skrubu ya hewa huku ukisikiliza mpaka injini itulie. Bomba la mafuta tulilichomoa kwa mkono tukaliziba kwa kidole. Petroli tuliizoea kiasi kwamba ndiyo tuliyonawia grisi jioni.

Kisha magari yakabadilika. Yaliyokuja yalikuwa na nozeli za kupuliza mafuta ndani ya injini, pampu iliyozama kwenye tenki, na kompyuta ya kuamua kila kitu. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, inatakiwa mashine ya kusoma tatizo, na mashine yenyewe ilikuwa Moshi. Wateja wakaanza kutupita. Shemeji alikuwa akisema injini ni injini, inataka mafuta, hewa na cheche, hayo mengine ni mapambo. Nilimwamini, maana kila nilichokijua nilikipata kwake.

Mchana mmoja alifika mfanyabiashara wa tangawizi kutoka Maore. Gari lake dogo la nozeli lilikuwa linakosa nguvu likipanda mlima. Shemeji akasema mafuta hayafiki, tuanze na chujio. Injini ilizimwa, ingawa ilikuwa bado ya moto sana. Akainama na spana, akalegeza nati ya bomba la mafuta kama alivyolegeza mabomba maisha yake yote.

Petroli haikumwagika. Iliruka. Ilimpiga machoni, ikatawanyika juu ya injini yote, na mara moto ukashika. Nilisikia mvumo kama wa shuka kubwa linalokung'utwa, nikamwona ananyanyuka na moto kifuani. Mimi na yule mfanyabiashara tulimwangusha mchangani tukamfunika kwa turubai. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama gari la mteja limeungua.

Alilazwa Moshi muda mrefu. Mikono ilipona, ikiwa imekunjamana. Macho hayakupona. Moja lilikufa kabisa, la pili linajua kuwa kumekucha, basi. Dada akamrudisha kwao milimani, akashika jembe peke yake.

Nilipokwenda Moshi siku nyingine kutafuta vipuri, nilimsimulia fundi mmoja wa huko. Akaniambia, bila dharau yoyote, kwamba kwenye gari la nozeli mafuta hubaki yamebanwa ndani ya bomba hata injini ikizimwa. Unachomoa fyuzi ya pampu, unaliwasha gari liungurume mpaka lizime lenyewe, ndipo unafungua bomba. Alisema hayo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo, akaendelea na kazi yake. Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani na sikuona chochote nilichopita.

Sikuwa na nia ya kumwambia shemeji. Lakini nilipopanda kumjulia hali, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimejua ile petroli iliruka kwa nini. Nikamweleza yote. Dada alikuwa anachambua maharage mlangoni, mikono yake ikasimama.

"Fyuzi tu?" shemeji aliuliza.

"Fyuzi tu, shemeji."

Akasema, "Hata spana haihitaji." Akamwomba dada amwingize ndani, akalale. Hakulala. Nilikuwa namsikia anageuka kitandani mpaka nilipoaga.

Safari moja alishuka kuonyesha macho hospitalini, akataka apite karakana kwanza. Palikuwa na gari jipya limeletwa kubadilishiwa oili. Akaniomba nimfikishe mbele yake na nifungue boneti. Alipapasa kwa mikono yake iliyokunjamana, akitafuta kitu anachokifahamu, lakini vidole vikawa vinateleza tu juu ya mfuniko mpana wa plastiki. Akarudia tena, kushoto, kulia.

"Hapa sina pa kushika," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi sina. Nikamshika mkono nikampeleka kwa dada, aliyekuwa anamsubiri kivulini.

Tangu hapo hajashuka tena. Mimi bado nafungua asubuhi. Naziba pancha, nabadilisha oili, nasafisha plagi. Gari likija na taa ya injini inawaka, namwelekeza mwenye gari barabara ya Moshi, halafu narudi kukaa kwenye benchi.