Kwa Bi. Pi-lien Hakuumi, Ila Kelele Zipo

Asubuhi na mapema, mvuke wa muuza uji wa mchele ukiwa bado unapanda, Bi. Hsu Pi-lien ameukumbatia mguu wa mvuta kamba Tek-hok kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Hauminyi. Amelikunja goti, kisigino kimekaribia kalio, naye anasubiri.

"Shangazi, nilie sasa au bado?" anauliza Tek-hok.

"Bado. Msuli haujaachia."

Kukanda misuli ndiyo kazi yake hapa mjini Puli kwa miaka kumi na minne. Hapigani na msuli uliokaza. Anaufuata unakotaka kwenda mpaka uchoke wenyewe, kisha anaunyoosha taratibu.

Shida ni kwamba haumizi, na watu wa hapa hawaamini tiba isiyouma. Ng'ambo ya barabara, kwa mkandaji mwenzake Bwana Liao, wagonjwa walikuwa wakilia hadi mbwa wakabweka, na foleni ikifika duka la tambi. Kwa Bi. Pi-lien mwaka jana siku ilipita na mgonjwa mmoja, au hakuna. Mwenye nyumba akaleta mtu wa kupima chumba, ampangishe muuza chai ya maziwa.

Ikaja sikukuu ya hekalu, na mashindano yake ya kuvuta kamba. Tek-hok ndiye mtu wa mkiani mwa timu, anayejizungushia kamba mwilini. Asubuhi ya mashindano paja likamkaza. Kwa Liao kulikuwa kumejaa. Kocha Yeh akamleta hapa akinung'unika, akabaki nje na timu nzima, masikio mlangoni.

Kimya.

"Anamkanda au anambembeleza?" kocha akauliza.

"Tek-hok, umeshanyonyeshwa?" wenzake wakacheka.

Ndani, paja lilikwisha kuachia. Tek-hok akaona haya, akavuta pumzi, akapiga yowe lililotawanya bata wa muuza uji. "Mamaaa! Nakufa!"

"Mbona sijakufanya kitu!" Bi. Pi-lien akanong'ona.

"Najua, shangazi. Usiseme, watasikia."

"Hiyo sasa ndiyo tiba!" kocha akasema.

Timu ikashinda. Kesho yake foleni ikahamia upande huu, na mwenye nyumba naye akaja, safari hii na kiuno kinachomuuma.

Tangu hapo wote hulia. Wenye haya, Bi. Pi-lien mwenyewe hulia kwa niaba yao.

"Koo ndilo linaloniuma," anasema, akinywa maji ya tangawizi. "Natafuta msaidizi. Mikono nitamfundisha. Yeye aje na sauti tu."

Anaushusha mguu wa Tek-hok polepole.

"Haya, mwanangu. Lia."