Kondoo Waliomzoea Wifi

Magoti ya mama yalipozidi kumsumbua, nilimtoa kijijini, bondeni chini ya Kilimatinde, nikamleta kwangu Manyoni. Kondoo wake akamwachia wifi yangu, mke wa kaka, ambaye mpaka hapo alijua alizeti tu, mifugo hapana.

Mjini mama hakulalamika. Ila jioni, saa ya kondoo kurudi zizini, alikaa nje ameelekea barabarani, na nikimsemesha hanisikii.

Nilipokuwa mdogo alikuwa akisimama mlangoni pa zizi na kuwaita kwa ulimi, mlio mkavu wa haraka haraka ambao sisi watoto hatukuweza kuuiga. Walikuja wakitikisa mikia yao ya mafuta, wakijisugua kwenye khanga yake. Jike akimkataa mwanawe, mama alimpaka mtoto chumvi na kumsogeza karibu. Jike akishamlamba, basi, amempokea.

Baada ya mavuno mimi na mama tulikwenda kijijini kuwasalimia.

"Shikamoo mama," wifi akasema.

"Marahaba mwanangu. Wako wapi?"

Hata wajukuu hakuwaulizia kwanza. Kondoo walikuwa ng'ambo ya korongo, wanakula mabua ya uwele. Mama akajikongoja na fimbo yake mpaka zizini, akaita. Wachache waliinua vichwa, wakarudi kula. Akaita tena. Wifi alisimama nyuma yetu, macho chini.

"Waite wewe," mama akamwambia.

"Watakuja tu mama, jua linazama."

"Waite."

Wifi akaita. Hakutumia ulimi, alivuta neno la Kigogo kwa sauti nyembamba, na kundi zima likavuka korongo. Wakaingia zizini wakimpita mama huku na huku, hakuna aliyesimama.

Mama aliwatazama mpaka wa mwisho. "Wamenenepa," akasema. Kisha akamshika wifi mkono. "Nilikuwa naogopa watapotea."

Tulilala huko. Asubuhi akamwonyesha wifi namna ya kupunguza kwato, kwa upole, kama anayemwachia nyumba.

Tukarudi mjini kwa basi. Tulipofika, mume wangu akamuuliza habari za kondoo.

"Wazima. Wana mtu wao," akajibu, akaenda kulala bila kumaliza chakula.

Nikabaki naosha vyombo, nikitamani arudishiwe magoti yake, hata kwa msimu mmoja.